Fundi wa chini ya mwembe, si ungebaki nyumbani?!

Wakuu, mikono bado inatetemeka, mkiona makosa ya uandishi mniache.

Yule fundi wa chini ya mwembe. Mnamjua. Mwenye ovaroli ambalo akilivua linabaki limesimama. Simtaji, shemeji yetu yumo humu.

Juzi nimempelekea pikapu, nikamwambia kwa Kiswahili, siyo Kifaransa cha Bujumbura: nabeba mizigo mizito, niimarishie breki za nyuma. Dramu kubwa, wili silinda, shoo mpya. Laki tatu na nusu nimemhesabia mkononi. Kanibadilishia shoo tu, kaongeza majani mawili ya springi, kapiga bodi kofi: "Kaka, sasa hivi hata meli ya Liemba unapakia."

Leo nashuka kutoka Kalinzi na madumu 30 ya mawese, juu mikungu ya ndizi. Karibu na Mwandiga nakanyaga breki. Pedeli ngumu kama jiwe, gari haina habari na mimi. Nakanyaga kwa miguu miwili. Matairi ya mbele yanafuka moshi kama jiko la kukaangia dagaa, ya nyuma yanazunguka kwa raha zao, yako harusini. Nimemwona marehemu babu kavaa kanzu, ananisogezea kiti. Nikavuta hendibreki, nikalazimisha gia ya pili, nikaishia kwenye lundo la mchanga la mtu anayejenga. Mkungu mmoja ukaruka juu ya kabini ukatua mbele ya boneti. Watoto wakapiga makofi.

Hilo nimesamehe. Nikampigia simu, nikamweleza yote. Kimya. Nikajua anatafuta namna ya kuomba radhi. Akasema: "Sasa kaka, kama ulitaka kusimama, si ungebaki nyumbani?"

SI UNGEBAKI NYUMBANI.

Na kaweka spika! Nasikia kijiwe kizima kinacheka. Laki tatu na nusu yangu mfukoni, ananiambia si ungebaki nyumbani.

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu. Ila kweli, si ungebaki nyumbani?

Binti Ujiji: 😂😂😂 nimemwaga chai

Dereva Mstaafu: Kijana, mteremko ule unaanza na gia ya pili juu kabisa, siyo unaikumbuka chini ukishamwona babu. Halafu chungulia uvunguni. Kuna valvu ina kifimbo kimeshikana na difu, inapima mzigo. Mkia ukilala, inaruhusu presha iende nyuma. Fundi kakuongezea majani, mkia haulali tena, valvu inadhani gari tupu na breki za nyuma inazinyima. Kifimbo kilitakiwa kurekebishwa upya. Hata ungefunga dramu za lori, bila hiyo ni bure.

Mwenye uzi: Asante mzee. Sasa hilo si angeniambia yeye? Kaniambia si ungebaki nyumbani!

Mgebuka Mkavu: Tumesikia mkuu.

Kibirizi Boy: Mimi yangu alikifunga hicho kifimbo na mpira wa tyubu. Nikiwa tupu na mvua imenyesha, nyuma inatangulia mbele.

Mama Wawili: Afadhali nyie ni magari. Fundi cherehani kanishonea kitenge cha harusi mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, namuuliza ananiambia "dada, kunja".

Binti Ujiji: "Dada, kunja" 😭 ni yule wa karibu na stendi?

Mama Wawili: Huyo huyo!!

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye breki.

Kibirizi Boy: Dada, mimi kanishonea suruali zipu iko nyuma.

Mgebuka Mkavu: Mnalia na nguo. Jana nimenunua dagaa sado nzima, robo mchanga. Nimekula ufukwe.

Mama Wawili: Wa Kibirizi hao. Nunua Katonga.

Kibirizi Boy: Usituchafulie mwalo dada. Katonga ndiyo wanaanikia chini!

Dereva Mstaafu: Kuna aliyekagua lile valvu?

Binti Ujiji: Samahani mwenye uzi, yale mawese yalimwagika?

Mwenye uzi: Hata tone. Yapo yote 30, unahitaji?

Binti Ujiji: Madumu mawili. Utaniletea?

Mwenye uzi: Nakuletea hadi mlangoni.

Binti Ujiji: Kwa gari hiyo hiyo? Basi nakuja mwenyewe kwa boda. Wewe baki nyumbani.