Tupeane uzoefu: Mgonjwa mwenye hofu wodini, wauguzi walimsaidiaje?

Mwanzisha mada, Moshi: Jana nilimsindikiza jirani kupima presha. Ilisoma juu sana, lakini sista alimwacha atulie kitini, akamuuliza habari za shamba, na alipopima tena ilikuwa imeshuka. Nimekumbuka mengi. Aliyewahi kulazwa au kuuguza, naomba aeleze jinsi wauguzi walivyoishughulikia hofu ya mgonjwa.

Binti wa Kibosho: Mama yangu alilazwa ili atolewe rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni. Usiku alizuiwa kula na kunywa, asubuhi akavuliwa hereni na pete, akavishwa gauni la kufungia mgongoni, akaanza kusubiri. Adhuhuri ikapita, wenzake wakachukuliwa kwa machela, yeye hakuambiwa neno. Kumbe walikuwa wameletwa majeruhi wa ajali na chumba cha upasuaji hakikuwa na nafasi, jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi moja. Mama aliamua moyoni kwamba madaktari wamemkatia tamaa, akaniita karibu na kuanza kunitajia mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, sale (mmea wa kuonyesha mpaka) moja baada ya jingine. Presha ikapanda, na upasuaji ukaahirishwa kwa sababu hiyo.

Usiku muuguzi wa zamu alivuta kiti, akamwamkia, akamweleza hatua kwa hatua kwamba ataamka na dripu mkononi, kwamba atakuta mpira mwembamba shingoni wa kutoa damu, na kwamba sauti inaweza kukwaruza kwa muda. Hapo ndipo Mama alipouliza lililokuwa likimkaba, yaani kama ataweza tena kuimba kwaya. Muuguzi hakumdanganya. Alisema kwamba mishipa ya fahamu ya sauti hupita jirani na rovu, kwamba hatari ipo, na kwamba daktari huwa mwangalifu sana hapo. Mama alilala usingizi, na kesho yake akafanyiwa upasuaji.

Mdau wa Sanawari: Nakuunga mkono, dada. Kusubiri bila kuambiwa kunatesa kuliko kidonda.

Muuguzi mstaafu: Wanangu, hofu ni jambo la mwili pia. Homoni za adrenalini na kortisoli zikiongezeka, moyo hupiga mbio, presha na sukari hupanda, na hofu ikidumu hata kidonda huchelewa kufunga. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliandika tangu mwaka 1859 kwamba wasiwasi na kusubiri humdhuru mgonjwa kuliko kujichosha. Kumweleza mgonjwa ni sehemu ya tiba.

Sista wa zamu, Arusha: Shikamoo mama. Nakubali, lakini wodi ikijaa na muuguzi yuko peke yake, kiti hicho atakikalia saa ngapi? Ndugu huona ukimya wetu, hawaoni dawa tunazokimbizana nazo.

Binti wa Kibosho: Sista, sikudai saa nzima. Nilidai sentensi moja.

Kijana wa Rombo: Baba yangu mdogo ana kisukari na alikuwa na kidonda mguuni. Madaktari walipopita asubuhi walizungumza Kiingereza juu ya kitanda chake, naye akaokota maneno mawili, kukata na mguu. Usiku alichomoa dripu, akavaa koti juu ya gauni la hospitali, akatoka. Tulimkuta alfajiri stendi akisubiri basi la kwenda nyumbani.

Mdau wa Sanawari: Mungu wangu! Mguu ulikatwa?

Kijana wa Rombo: Haukukatwa. Walikuwa wakizungumzia kuondoa nyama iliyokufa tu. Aliporudishwa, muuguzi alichora kwa kalamu pembezoni mwa kidonda na kumwambia, "Babu, tutasafisha ndani ya mstari huu." Kila asubuhi mzee alikuwa akiukagua mstari wake.

Mama wa Majengo: Mimi naona wazee waelezwe kupitia watoto wao. Habari nzito humvunja mtu.

Muuguzi mstaafu: Hapana, mama. Muulize kwanza yeye mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na nani awepo akielezwa. Hata ukitaka kumwombea kwa Mungu, mwombe ruhusa kabla ya kuanza.

Mdau wa Sanawari: Dada yangu atafanyiwa upasuaji Alhamisi. Nimwambie nini?

Sista wa zamu, Arusha: Aandike maswali yake kwenye karatasi, ampe muuguzi mwanzoni mwa zamu, wakati wa kukabidhiana wodi, si katikati ya kugawa dawa. Ratiba ikibadilika, aulize sababu siku hiyo hiyo. Nawe uwepo saa ya kuona wagonjwa, hata kama huna la kumwambia.