Naomba ushauri: maandishi ya kibao cha tramu ya zamani

Habari zenu wakuu. Natengeneza modeli ya tramu (gari la abiria la umeme linalopita kwenye reli za barabarani) aina ya PCC, muundo wa Kimarekani, zile za miaka ya 1940 zilizofanya kazi Philadelphia, kisha baadhi zikanunuliwa na San Francisco kwa ajili ya njia yake ya tramu iitwayo F iliyoanza mwaka 1995. Bodi na rangi viko sawa. Kinachonikwamisha ni kibao cha mbele kinachoonyesha gari linakwenda wapi.

Kibao chenyewe ni roli ya kitambaa cheusi chenye herufi nyeupe, inazungushwa hadi jina litokee dirishani. Picha nilizonazo hazikubaliani: baadhi zina herufi nyembamba zilizobanana ili jina refu lienee, nyingine nene na zimeachana. Nimejaribu fonti ya kompyuta, ikatoka nadhifu mno, hata mtoto angejua ni ya juzi. Kwa mkono nako, kwenye kijidirisha cha upana wa kidole gumba, rangi inasambaa.

Naomba kujua: nitatambuaje roli ya enzi za Philadelphia na iliyochapishwa upya baadaye? Na kitambaa gani hakinywi rangi? Plastiki sitaki, inang'aa vibaya. Asanteni.