MREJESHO: mguu wa besi dramu, muundi uliokuwa unawaka moto

Jamani nimerudi, ni mimi yule mpiga dramu wa Malindi niliyeuliza mbona wimbo ukichangamka kidogo tu muundi wa mguu unaokanyaga pedali ya besi dramu (ile ngoma kubwa ya chini) unawaka, na dabo za pedali, yaani mapigo mawili ya haraka kwa mguu mmoja, hazitoki. Shukran sana nyote, hasa aliyesema nipandishe kiti. Nimekipandisha mpaka paja likawa limeinama kidogo kuelekea goti, na maumivu yamekwisha karibu yote wallahi, sikutegemea kitu kidogo hivyo.

Pia siku hizi nyundo ya pedali siikandamizi kwenye ngozi ya dramu, napiga naiachia irudi yenyewe, sauti imefunguka inavuma, sio ile pu! kavu kama unagonga katoni. Springi ya pedali nimeilegeza kiasi, maana aliyeniambia niikaze kabisa, samahani ndugu yangu, mguu ulichoka maradufu. Na nyinyi wa huku pwani angalieni, hewa ya chumvi inazila hizi pedali, matone ya mafuta ya cherehani kwenye beringi yameua ule mlio wa kiiki kiiki uliokuwa unaingia mpaka kwenye maiki.

Metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) nilianza 60 kwa dakika, kisigino chini kwanza halafu juu, sasa pigo moja moja niko sawa hata 120. Dabo ndio bado. Ile mbinu ya kutelezesha mguu mbele kwenye pedali, pigo la pili linatoka dhaifu, na kwa ndara ndio haiji kabisa, peku afadhali. Mwenye njia nyingine aniandikie hapa, bendi imeshaanza kuniangalia vibaya.