Nimalizie seti ya kadi za hoki za Parkhurst 1951-52 kwa kadi zilizochakaa, au nisubiri safi? Naomba ushauri

Mtoto wa Makorora (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Niko Hamilton, Ontario, mwaka wa tisa sasa. Najua mtasema mtu wa Tanga na hoki ya barafu wapi na wapi, lakini ukiishi mahali ambapo Jumamosi usiku kila sebule inaangalia hoki, na wewe utaangalia, na ukishaangalia utapata timu. Kwenye kadi aliniingiza babu mmoja jirani niliyekuwa namsaidia kuzoa theluji. Siku moja akanipa kopo la biskuti lenye kadi kumi na moja ndogondogo, akasema alizichezea akiwa na miaka minane. Zilikuwa Parkhurst za msimu wa 1951-52.

Kwa wasiozijua: Parkhurst ilikuwa kampuni ya Toronto, na seti hii ina kadi 105 za wachezaji wa timu sita zilizokuwepo NHL, ligi kuu ya hoki huku, wakati huo. Ni ndogo, ukiitia kwenye mfuko wa albamu za siku hizi inaogelea. Humo ndimo zilimo kadi za kwanza za manyota Gordie Howe, Maurice Richard na kipa Terry Sawchuk.

Kwa miaka minne nimefikisha 58. Si mpya ila zina heshima zake: pembe zimelegea kidogo, hakuna mkunjo, mgongo msafi. Sasa kwenye maonyesho ya kadi Mississauga nimekutana na muuzaji mwenye fungu la 41 ninazokosa, zote kwa dola 900 za Kanada. Nikilibeba fungu nabakiza wakubwa sita tu: Howe, Richard, Sawchuk, Lindsay, Harvey na Geoffrion.

Tatizo ni hali yake. Nyingi zilibandikwa kwenye daftari zikabanduliwa, nusu ya maandishi ya nyuma imeondoka na gundi. Saba au nane zina mkunjo unaokatisha uso. Na kuna moja mchezaji kachorewa masharubu kwa kalamu ya wino! Nikisema nisubiri safi, kwa bajeti yangu ya dola 150 kwa mwezi ni zaidi ya miaka miwili, na hapo Howe sijamsogelea. Yeye peke yake, hata aliyechoka, anapita dola elfu.

Nijaze au nisubiri?

Dalali wa Ngarenaro

Mkuu, hiyo 900 ukijumlisha na ya huyo Howe ni kiwanja hicho. Rudi nyumbani tukutafutie eneo Arusha, achana na makaratasi.

Mtoto wa Makorora

Nilijua utakuja. Kiwanja ninacho, kiko Pongwe, na kesi yake ninayo.

Kipa wa Winnipeg

Mleta mada, usibebe fungu zima. Nakwambia kwa maumivu. Niliwahi kujenga seti ya 1966-67 ya kampuni ya Topps, kadi 132, ile yenye kadi ya kwanza ya nyota Bobby Orr. Fremu yake imechorwa kama televisheni ya mbao, ya kahawia, kwa hiyo ukingo ukimeguka kidogo tu weupe unaonekana toka mlangoni. Mimi nilikuwa na pupa. Nikajaza kila tundu na chochote kilichopatikana, nikapiga picha, nikafurahi wiki mbili. Baada ya hapo kila nikiifungua albamu jicho linakwenda kwenye zile mbovu tu. Nikaanza kubadilisha moja moja: nanunua safi kwa bei kamili, mbovu nauza kwa nusu ya niliyonunulia. Seti ile niliilipia karibu mara mbili.

Ila na wewe usiwe mtu wa namba za daraja la ubora. Wakusanyaji wa zamani wanasimulia kwamba Parkhurst hizi zilichanganywa ndani ya mashine ya kuchanganyia zege kabla ya kufungashwa. Iwe kweli au chumvi, pembe kali kwenye seti hii ni adimu, na ukiona pembe kali kama wembe toa rula kwanza upime, huenda mtu kaikata kingo ionekane mpya. Halafu tazama uso. Kadi iliyochubuka mgongoni lakini picha yake imekaa katikati na rangi zimetulia, mimi naichukua mbele ya ile yenye daraja la juu ambayo picha imesukumwa pembeni. Wapima madaraja watakupa namba ndogo kwa ajili ya gundi ya nyuma, na bei inashuka nayo. Hapo ndipo pa kula. Mwombe akuruhusu uchague.

Mama Stempu

Kaka Makorora, salamu kutoka Mombasa. Mie ni wa stempu za Zanzibar na siafikiani sana na Kipa. Lau ningengoja kila kitu kiwe safi ningekuwa na albamu ya kurasa tupu. Kuna stempu ya rupia 200 ya Sultan Ali bin Hamud, sitaipata nami nishakubali. Sisi huwa na seti fupi: wakata kwenye rupia kadhaa, waandika juu ya ukurasa kwamba yaishia hapa, basi, seti imekamilika kwa kipimo ulichojiwekea. Nawe waweza kusema seti yangu ni kadi 99 bila wale wakubwa sita, ukalala usingizi.

Tena si kila kasoro ni ubovu. Stempu za India zilizopigwa chapa ya Zanzibar mwaka 1895 kuna zilizokosewa zikaandikwa "Zanzidar", na hizo ndizo watu wagombaniazo. Huyo mwenye masharubu mchukue. Mtoto aliyemchora alikuwa na sababu yake.

Mzushi77

Huu ugonjwa wa kukamilisha tuliambukizwa makusudi. William Paterson, mtengeneza peremende wa Brantford, hapo jirani yako, mji aliozaliwa Gretzky yule nyota wa hoki, alitoa kadi 40 za hoki mwaka 1923. Ukikamilisha unapata zawadi. Sasa namba 25, Bert Corbeau, ikachapishwa chache mno ili zawadi zisitoke nyingi. Watoto wakala peremende za watu mpaka meno yakaoza wanamtafuta Corbeau. Wewe unahangaika na 105, nani kakuahidi zawadi?

Kipa wa Winnipeg

Hahaa, Mzushi leo umeongea.

Makorora, jambo moja nilisahau. Wale sita usiwanunue mkononi mwa mtu bila kupimwa, tafuta zilizokwisha kupimwa na kufungwa na kampuni za PSA au SGC hata kama ni daraja la chini, 1 au 2. Kwenye majina makubwa kuna za bandia na zilizokatwa. Za kawaida nunua hivyohivyo, usipoteze hela ya kupimia.

Mtoto wa Makorora

Mrejesho. Jumamosi nimerudi kwa yule muuzaji. Kwanza akakataa, fungu ni fungu. Nikasimama pale nazipanga mezani, nzima huku, zenye mkunjo kule, mpaka watu wakaanza kujaa nyuma yangu. Akalegea: 19 kwa dola 520. Zote nyuso safi, sita zina gundi nyuma.

Sheria yangu ya kukataa mikunjo nimeivunja kwa moja tu kati ya hizo, kadi ya goli la ushindi la Bill Barilko, ina mkunjo pembe ya juu. Goli lile aliwafunga Montreal Aprili 1951 muda wa nyongeza, Toronto wakabeba kombe. Agosti ndege aliyopanda ikapotea, na mabaki hayakupatikana mpaka 1962. Nilishindwa kuirudisha mezani.

Na mwenye masharubu nimerushiwa bure. Nina 78, zimebaki 27.

Mama Stempu

Twaomba picha ya masharubu.

Mtoto wa Makorora

Mtandao wa hapa kazini unagoma kupandisha picha. Nikitoka zamu.