Huntha, aliyebadili jinsia, au transijenda? Naomba ushauri wa tafsiri

Nyar Nam, Kisumu
Hamjambo, wanajukwaa. Natafsiri kijikaratasi cha kliniki moja ya hapa mjini, na nimekwama kwenye neno moja tu. Kinawahusu watu walioandikwa wavulana walipozaliwa lakini wanajitambua na kuishi kama wanawake, pamoja na wale ambao hali yao ni kinyume cha hiyo. Niliandika "huntha", mhariri akalikataa. Nikaandika "waliobadili jinsia", na mmoja wa wahusika, aliposomewa rasimu, akauliza kwa upole ni lini hasa alipobadili kitu. Je, wazee wetu walikuwa na neno, au tukubali tu "transijenda"?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Binti yangu, mhariri wako yuko sahihi. Huntha, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni la maumbile: ni mtu aliyezaliwa na mwili usioainishika kwa urahisi kuwa wa kiume au wa kike. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa hali hiyo nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto wa namna hiyo. Unayemwandikia wewe huenda mwili wake hauna utata wowote. Usikimbilie "hanithi" pia, kwa kuwa hilo ni la mwanamume asiye na nguvu za kiume, wala "shoga", ambalo kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa karibu (mama mkwe wangu wa Lamu humwita jirani yake hivyo mpaka leo, na wajukuu wake wa huku Nakuru huangua kicheko).

Usidhani Wazungu wametulia. Mwaka 1910 daktari Magnus Hirschfeld wa Ujerumani alitunga neno lililojengwa juu ya mavazi. Mwaka 1966 Harry Benjamin, daktari wa Marekani, akaandika kitabu kilichoeneza jingine, ambalo watu walilihusisha na upasuaji. Na hili la transijenda likaja kuyafunika yote mawili kwa sababu halimuulizi mtu amevaa nini wala amepasuliwa wapi. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, liliiondoa hali hii kwenye sura ya maradhi ya akili.

Mjukuu wa Kapsabet
Kuhusu wazee, nitaongeza jambo kwa tahadhari. Kwetu Nandi, mwanamke mzima asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na tangu hapo jamii ikamhesabu kuwa mume, na wana wa mkewe wakawa warithi wake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi. Watu huichukua mila hii kama ushahidi kwamba tulikuwa na transijenda tangu zamani, nami siafiki. Nyanya yangu mmoja alioa hivyo, na alichokuwa akitafuta ni mtu wa kurithi ng'ombe na shamba. Hatukupata kumsikia akisema kwamba nafsini mwake yeye ni mwanamume. Mila ilimpa cheo cha mume, na cheo hicho hakikumhitaji aseme lolote kuhusu nafsi yake.

Mzee wa Kanisa, Kakamega
Mimi siyakubali mambo haya, na imani yangu siifichi. Hata hivyo, mgonjwa aliyefika kliniki hakwenda kutukanwa, kwa hiyo dada asitumie neno ambalo watoto hulitumia kumzomea mtu sokoni.

Wakili, Eldoret
Mzee, nashukuru kwa hilo. Neno la kwenye karatasi huamua mengi: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya India iliwatambua watu wa jinsia ya tatu, wakiwemo wale waitwao hijra (wengi wao walizaliwa wa kiume lakini hawaishi kama wanaume), ambao Waingereza walikuwa wamewaandikisha kama washukiwa kwa sheria ya 1871. Lakini hijra ni jamii yenye walimu na wanafunzi wake, kwa hiyo neno lao haliazimiki.

Nyar Nam, Kisumu
Asanteni nyote. Nimeandika "watu ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa", kisha nikalitaja "transijenda" mara moja, kwa kuwa wahusika wenyewe wanalitumia. Nilifurahi kuona kwamba sentensi zilizobaki hazikunisumbua, maana "yeye" wetu, kama "en" ya Kijaluo, hamwulizi mtu jinsia. Furaha ikaishia kwenye fomu iliyoambatishwa, palipoandikwa "Umeoa au umeolewa?" Nimelifuta swali hilo na kuweka "Je, una mwenzi wa ndoa?", na sasa nasubiri mhariri atasemaje.