Bustani isiyotaka kazi nyingi, pembeni mwa nyumba ya mirathi isiyouzika (Sahare, Tanga)

Mama Shamim
Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine habari za jioni.

Niko Sahare. Napakana na nyumba ya mirathi. Mzee alishafariki, wanawe wako Dar na Muscat, na kila mrithi ana bei yake kichwani. Dalali alibandika kibao cha "INAUZWA" mpaka maandishi yamefutika kwa jua. Ukuta wa mpakani umebomoka, umeacha pengo la upana wa mlango, na hapo ndipo balaa lote linapopita: ukoka unatambaa kuja kwangu, ndago zinachomoza hata katikati ya changarawe, na usiku wa mvua wanakuja konokono wale wakubwa. Mchicha wangu wote waliutafuna, vikabaki vijiti.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Nikirudi asubuhi sina mkono wa kushika jembe. Baba Shamim anasema tusakafie uwanja wote yaishe. Roho yangu inakataa kabisa. Marehemu mama alipanda asumini chini ya dirisha lile, na ndimu inazaa mpaka leo. Nataka wanangu wakulie kwenye udongo, si kwenye saruji.

Naomba ushauri: nipande nini kwenye hiyo sehemu ya pengoni? Udongo ni kichanga, upepo wa bahari una chumvi, na maji sitaki kumwagilia kila siku. Dawa ya magugu sitaki, nina watoto na kuku.

Mkulima wa Muheza
Dada, mchicha achana nao, unataka maji kila siku. Panda matembele. Ndago hazipendi kivuli. Ukizilima kwa jembe unakatakata vile viazi vyake vya chini na kuvisambaza, kila kimoja kinaota upya. Matembele yakishatanda yanaziba jua. Haziishi, ila zinadhoofika, na wewe unapata mboga.

Subiri masika yaanze. Kila rando, yaani kipande cha mmea wa tembele cha kupandia, zika pingili tatu chini, nafasi sentimita 30. Mwezi wa kwanza lazima upalilie, hapo hakuna njia ya mkato. Baadaye kazi yako ni kuchuma tu.

Ukoka usihangaike kuung'oa. Chimba kamfereji mpakani, uache wazi. Ukipita na panga unakata kila mkono unaoning'inia. Na pembeni kabisa, mbali na ukuta, chomeka kijiti cha kisamvu cha mpira. Ule ni mti, utakula kisamvu miaka na miaka bila kumwagilia.

Bin Chumbageni
Ziba pengo kwa mnyaa, dada. Hautaki maji, mbuzi hawaugusi.

Bi Mwanaidi
Mnyaa kwenye nyumba yenye watoto hapana, mwanangu. Utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali moja kwa moja, wewe muuguzi unalijua hilo. Weka bogenvilia: ina miiba, inastahimili chumvi na ukame, ikishashika mizizi unaipogoa tu.

Watu watakwambia mchaichai unafukuza nyoka. Mimi siuamini. Shina likisongamana panya wanajificha, na nyoka anafuata panya. Panda kwa chai yako, karibu na jiko, upunguze mara kwa mara.

Kinachonitia hofu zaidi ni mbu. Nyumba tupu haikosi vifuu, matairi, pipa lililoachwa wazi. Wale wa dengi wanazaliana kwenye maji kidogo hivyo hivyo, na wanauma mchana, wakati wewe umelala. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwende pamoja na afisa afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu ya kumtaka mwenye eneo aondoe kero. Usiingie mle peke yako.

Mama Shamim
Ahsante sana bibi, shikamoo. Mnyaa nimeufuta. Kwa mwenyekiti nitakwenda Ijumaa, nina mapumziko. Namba ya yule mrithi wa Dar ninayo, nitampigia kwanza ili asisikie kwa watu. Tumekua pamoja na wale, sitaki ugomvi.

Mkulima, na konokono? Marando nayapata wapi?

Mkulima wa Muheza
Konokono waokote usiku kwa tochi, na glavu. Usiwashike mikono mitupu, wanabeba minyoo. Rundo la makumbi na matofali karibu na pengo liondoe, ndiko wanakolala mchana. Tembele watalionja, lakini linachipua haraka kuliko wanavyokula.

Marando ninayo, nikishuka Tanga sokoni nitakuletea, bure. Ukiyapokea usiyapande siku hiyo hiyo. Yaweke kivulini siku mbili yaanze kutoa mizizi, upunguze majani ya chini, ndipo uyazike, jioni.