Ati nimwite mjukuu!

Jirani wa Mkunazini
Assalamu alaykum. Nimekata simu sasa hivi na mkono bado unanitetemeka. Jamaa wenyewe wa intaneti mnawajua, hakuna haja ya kuwataja. Nimesubiri nikichezewa muziki ule ule mpaka chai yangu ikakaribia kuota uyoga, ndipo akapokea kijana mwenye sauti ya mtu aliyeshiba biriani, akanisikiliza nusu sentensi, kisha akaniambia: "Mzee wangu, hebu mwite mjukuu wako akusaidie kuizima ruta na kuiwasha." Mjukuu! Mwanangu wa kwanza yuko darasa la saba. Huyo mjukuu nimtoe wapi?

Ruta hiyo nimeizima na kuiwasha kuliko taa ya chooni. Nimeichomeka kompyuta kwa waya, nikazima simu zote za nyumbani pamoja na tamthilia ya mke wangu, jambo ambalo bado ninalilipia, kisha nikapima: saa kumi alfajiri nilipata megabiti 19 kwa sekunde kati ya 20 ninazolipia, na saa mbili usiku, kwa waya ule ule, 1.3. Nilipomsomea tarakimu hizo alinyamaza. Nikadhani anaandika, kumbe anavuta pumzi ili anirudie: nimwite mjukuu.

Kahawa Chungu
Shikamoo, babu.

Fundi Mstaafu
Ndugu yangu, kuta za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, nyingine zinafika unene wa nusu mita, na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 huzipenya kwa taabu kuliko yale ya 2.4. Isitoshe, unacholipia ni megabiti, si megabaiti; baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde unapopakua.

Jirani wa Mkunazini
Fundi, nimeandika "kwa waya". Kama kosa ni la ukuta, basi ukuta wangu huyeyuka alfajiri na kuganda baada ya sala ya Isha? Usiku mtaa mzima unagombania njia moja waliyoiuza mara mia, nami naambiwa nimwite mjukuu!

Kahawa Chungu
Babu, usipandishe presha.

Mwana wa Wete
Nyinyi wa Unguja mnalilia 1.3? Mimi nilitumiwa picha ya harusi ya binamu yangu: kilemba cha bwana harusi kilifunguka Ijumaa, uso tukauona Jumapili, na bibi harusi bado tunamsubiri. Nikitaka kujibu, napanda mkarafuu, na msimu wenyewe haujafika.

Kahawa Chungu
Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazoleta intaneti zilipopata hitilafu, angalau Unguja na Pemba tulikuwa sawa.

Mwana wa Wete
Hatukuwa sawa. Nyinyi mlijua kwamba intaneti imekatika. Sisi hatukuona tofauti.

Mama Jang'ombe
Samahani, huo waya wa ruta unauzwa bei gani Darajani? Wangu umetafunwa na panya.

Jirani wa Mkunazini
Jamani, mimi nimeambiwa nimwite mjukuu.

Fundi Mstaafu
Mama, panya ametafuna wapi? Kama ni karibu na kichwa, usinunue mwingine; ukate hapo, ufungiwe kichwa kipya.

Mama Jang'ombe
Katikati, mwanangu. Na bado yumo nyuma ya kabati.